Mwamuzi Alipoondoka Mezani

Askari wa plastiki mwenye urefu wa sentimita tatu hivi amesimama nyuma ya ukuta uliobomoka, na mtutu wa bunduki yake umejitokeza pembeni. Adui yake, ng'ambo ya meza, anataka kumpiga. Kitabu cha kanuni kinamtaka mchezaji ainame hadi usawa wa sanamu yake na kuchungulia. Akimwona adui, anaruhusiwa kufyatua. Je, mtutu nao ni adui? Na ikiwa askari huyu alichongwa akiwa amepiga goti, ilhali mwenzake wa aina ile ile alichongwa akiwa wima, ni haki mmoja afichwe na ukuta ambao mwingine haumfichi? Maswali ya namna hii huzuka karibu kila mara watu wanapocheza vita vya mezani vya hadithi za kisayansi, vile vya vikosi vidogo vya sanamu tano hadi ishirini, dadu na utepe wa kupimia inchi. Wachezaji huyamaliza kwa kukubaliana, na makubaliano yakirudiwa mara kadhaa huwa kanuni ya nyumba ile au ya klabu ile. Wapo wanaoyaona makubaliano hayo kuwa viraka juu ya kitabu kibovu. Historia ya mchezo huu inanipeleka kwenye hitimisho jingine. Kuamua lile ambalo kitabu hakikulisema ni kazi iliyokuwepo tangu mwanzo na ilikuwa na mtu wake maalumu. Mtu huyo alipoondolewa, kazi yake ilibaki pale pale mezani ikiwangoja wachezaji.

Chimbuko la kazi hiyo liko Ujerumani. Mwaka 1780, Johann Hellwig wa Brunswick alichapisha mchezo wa vita uliotokana na sataranji, wenye ubao mkubwa wa miraba. Kwenye miraba shaka ni ndogo: kete imo ndani ya mraba au haimo. Hali ilibadilika pale baroni Georg Leopold von Reisswitz, mtumishi wa serikali ya Prusia, na baada yake mwanawe, luteni wa mizinga, walipoiacha miraba. Kitabu cha mwana, kilichotoka mwaka 1824, kilihamishia vita kwenye ramani halisi za kijeshi za kipimo cha 1:8000. Vikosi vilikwenda umbali uliopimwa kwa rula, kila zamu iliwakilisha dakika mbili, na hasara za risasi zilitokana na dadu na majedwali. Papo hapo yakaingia maswali ambayo sataranji haiyajui. Kikosi kilicho nusu juu ya kilima na nusu bondeni kiko wapi? Farasi wakivuka kijito ambacho ramani imekichora kwa mstari mwembamba, wanachelewa kwa kiasi gani? Reisswitz hakujaribu kuyajibu yote kwa maandishi. Alimweka mwamuzi katikati ya pande mbili. Wachezaji walimpelekea amri zao kwa karatasi, naye akavisogeza vikosi, akarusha dadu, akasoma majedwali, na kila upande akauambia yale tu ambayo makamanda wake wangeweza kuyaona. Karl von Müffling, mkuu wa makao makuu ya majeshi, alioneshwa mchezo huo na akaupendekeza kwa jeshi zima.

Kitabu hakikukaa hata miaka mitano kabla ya kuanza kuongezewa. Luteni Reisswitz alifariki mwaka 1827, na mwaka uliofuata maofisa waliokuwa wakicheza pamoja mjini Berlin wakatoa nyongeza ya kanuni iliyofafanua na kurekebisha kazi yake. Mtu anayedhani kwamba kurekebisha kanuni klabuni ni tabia ya vijana wa siku hizi na autazame mwaka huo wa 1828. Waliofanya hivyo walikuwa maofisa wa jeshi lenye nidhamu kali kuliko mengi ya Ulaya, nao hawakuona kwamba wanamvunjia heshima mtunzi. Miongo iliyofuata nyongeza zilizaa nyongeza, majedwali yakanenepa, na mzigo wote ukamwangukia mwamuzi, ambaye sasa ilimbidi awe karani wa hesabu kabla hajawa hakimu. Mwaka 1873 Jacob Meckel alilalamika kwa maandishi kwamba kanuni zimeubana mchezo, na mwaka 1876 jenerali Julius von Verdy du Vernois akachukua hatua ya mwisho: akatupa majedwali na dadu, akaacha ofisa mzoefu aamue kwa akili na uzoefu wake. Kwa hiyo, tayari karne ya kumi na tisa ilikuwa imezifikia ncha zote mbili za suala letu, kitabu kinachotaka kusema kila kitu na mtu anayeruhusiwa kusema chochote. Jaribio la Verdy liliwezekana kwa sababu mwamuzi wake alikuwa na cheo na alikuwa amekwisha kuviona vita. Wachezaji walimtii mezani kama walivyomtii kambini.

H. G. Wells hakuwa na mtu wa namna hiyo. Mwandishi huyu, aliyekwisha kuwapa wasomaji safari ya wakati mwaka 1895 na uvamizi wa viumbe wa Mirihi mwaka 1898, alichapisha mwaka 1913 kitabu kidogo kiitwacho Little Wars, cha vita vya askari wa bati sakafuni kwa mizinga midogo ya springi iliyorusha vipande vya mbao. Wells anasimulia waziwazi jinsi kanuni zilivyokua kwa kujaribu na kukosea pamoja na marafiki, na alama za mabishano yao zimebaki kwenye maandishi. Kuna kanuni inayosema askari aliyeguswa na risasi bila kuanguka amekufa, mradi risasi hiyo haijaua mwingine. Risasi ikiwagusa kadhaa bila kuwaangusha, hufa yule wa kwanza tu. Iliyodunda kwenye kitu kingine ikamgusa mtu imemuua, hata ikibingirika tu hadi miguuni pake. Sioni jinsi mtu angeweza kuyabuni hayo akiwa peke yake kwenye dawati. Kila kishazi ni jioni moja ambapo watu wazima walipiga magoti sakafuni, wakakitazama kipande cha mbao na askari aliyekataa kuanguka, na ikawabidi waamue. Vita hivi vya sakafuni vilichezeka bila mwamuzi kwa kuwa kundi lilikuwa moja na waliocheza walielewana. Kitabu chenyewe ni kumbukumbu za kanuni za nyumba moja zilizopigwa chapa.

Desturi hiyo iliendelea baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Donald Featherstone, aliyechapisha War Games nchini Uingereza mwaka 1962, aliwapa wasomaji kanuni kama mbegu za kupanda kwao na akawahimiza wazibadilishe. Marekani, mwamuzi wa Prusia alirudi kwa njia isiyotarajiwa. David Wesely wa Minnesota aliokota maktabani kitabu cha mafunzo ya kijeshi kilichotungwa na luteni Charles Totten mwaka 1880, Strategos, akalichukua wazo lake la mwamuzi mwenye mamlaka ya kuamua jambo lolote ambalo mchezaji atalijaribu. Mwaka 1969 aliendesha mchezo wa mji wa kubuni wa Braunstein, ambamo kila mchezaji alikuwa mtu mmoja mwenye shabaha yake. Dave Arneson, mmoja wa kundi hilo, alilipeleka wazo mbele, na mwaka 1974 yeye na Gary Gygax wakatoa Dungeons & Dragons. Tawi hilo la michezo ya kuigiza wahusika limebaki na mwamuzi hadi leo, na kwa sababu hiyo halijawahi kuona haya kuhusu kanuni za nyumbani.

Tawi la sanamu lilikuwa na njia yake. Mwaka 1970 wachezaji watatu wa Bristol, Mike Blake, Steve Curtis na Ian Colwill, walitoa kanuni za mapigano ya bastola ya Marekani ya magharibi, ambamo sanamu moja ilikuwa mtu mmoja. Mwaka 1980 Bryan Ansell alihamishia mapigano ya watu wachache kwenye sayari za mbali kwa mchezo wa Laserburn. Badiliko hili la ukubwa lina uzito kuliko linavyoonekana. Kwenye ramani ya Reisswitz kikosi kilikuwa kipande cha madini ya risasi chenye rangi, hakina magoti wala mtutu. Sanamu moja ilipokuja kuwa mtu mmoja, umbo lake lote liligeuka ushahidi: alivyoinama, alivyoinua mkono, jiwe ambalo mchongaji alimkanyagisha ili apendeze. Mambo yaliyokuwa urembo yakaanza kuamua nani anakufa.

Warhammer 40,000 ilipotokea Nottingham mwaka 1987, kwa kitabu cha Rick Priestley kilichoitwa Rogue Trader, ilikuwa bado imesimama penye njia panda ya matawi hayo mawili. Kitabu kilipendekeza mtu wa tatu asiye na upande, atakayetunga kisa cha pigano, kushika siri zisizojulikana na wapiganaji, na kukata shauri kanuni zikinyamaza. Kanuni zenyewe zilijaa silaha, wanyama, gesi na magari yasiyo na mwisho, na zilisomeka kama mali ya mwamuzi anayechagua anachokihitaji. Kisha mchezo ukapata wateja wengi, na wateja wengi walikuwa vijana wawili wawili wenye jeshi lao kila mmoja, bila mtu wa tatu aliyekuwa tayari kukaa jioni nzima bila kucheza. Toleo la mwaka 1993, lililokuja sandukuni pamoja na majeshi mawili, liliandikwa kwa ajili ya watu hao wawili. Mwamuzi aliondoka, na nadhani hilo lilikuwa sahihi kibiashara na hata kwa furaha ya wachezaji. Lakini kazi zake tatu, yaani kufafanua neno lenye utata, kujaza pengo na kurekebisha kanuni iliyoleta upuuzi, hazikuondoka naye. Badala yake vitabu kadhaa vya kampuni ya Nottingham iliyoutoa mchezo huo vilishauri kwamba wachezaji wasipoelewana warushe dadu, mchezo uendelee, wakazungumze baadaye. Dadu ilirithi sifa moja ya mwamuzi, kutokuwa na upande. Ile nyingine, ya kujua kinachoendelea, haikuirithi.

Hapa mpinzani wa kwanza anasimama: andikeni vizuri, na hakutakuwa na la kuamua. Hoja hii ina heshima yake na imejaribiwa kwa dhati. Phil Barker, ambaye kanuni zake za vita vya kale zilitoka mwaka 1969 na kutawala mashindano ya Uingereza kwa miaka mingi, aliandika kwa ubanaji wa mwanasheria, kila neno likiwa na kazi. Mchezo wake mdogo wa DBA, wa mwaka 1990, una kanuni za kurasa chache tu. Matokeo yake? Kikundi cha wachezaji wa eneo la Washington kiliandika mwongozo usio rasmi wa kuzifafanua, mrefu kuliko kanuni zenyewe. Kampuni ya Nottingham ilijaribu dawa nyingine mwaka 2017: toleo la nane la Warhammer 40,000 lilipunguza kanuni za msingi hadi kurasa chache zilizotolewa bure, na likaondoa vile vibao vya duara vilivyowekwa juu ya sanamu kuonesha eneo la mlipuko, chanzo cha ugomvi wa miaka thelathini kuhusu nani kaguswa pembeni. Mwaka uliofuata ilibidi kampuni hiyo hiyo itoe ufafanuzi mkubwa wa maswali na masahihisho, na utaratibu huo haujakoma tangu hapo. Waandishi hao hawakuwa wazembe. Meza ya sanamu haina miraba, na mandhari yake hujengwa upya kila mara kwa vifaa ambavyo mwandishi hatavitia machoni, kwa hiyo maandishi yoyote yatakutana na ukuta ambao hayakuutarajia.

Kampuni ya Corvus Belli ya Uhispania inatoa mfano ulio bora zaidi. Mchezo wake wa Infinity, uliotoka mwaka 2005, unamruhusu adui kujibu mapigo ndani ya zamu ya mwenzake kila anapomwona mtu akitenda, kwa hiyo swali la nani anamwona nani huulizwa kila hatua. Toleo lake la tatu, la mwaka 2014, lilikata shauri kwamba kila aina ya askari ina ujazo wake uliopangwa, na kipimo kinafanywa kwa ujazo huo, sanamu iwe imepiga goti au inaruka. Tatizo la mtutu na goti likaisha. Wachezaji wa meza nyingine walikuwa na desturi hiyo hiyo kwa mapatano tu, wakihesabu kila sanamu kuwa mcheduara wa kimo fulani. Ufumbuzi huu unafanya kazi kwa sababu umeamua kutoitazama sanamu, kitu ambacho mchezaji amekinunua na kukipaka rangi kwa wiki kadhaa. Ni uamuzi wenye gharama, na kundi jingine linaloipenda sanamu yake kama ilivyo lina haki ya kuikataa gharama hiyo.

Mpinzani wa pili anazungumzia umoja: kila nyumba ikiwa na sheria yake, mgeni atachezaje? Kwenye mashindano hoja hii haina jibu isipokuwa kukubali, maana watu mia hawawezi kuanza kila pambano kwa mkutano. Lakini tazama mashindano yenyewe yalifanya nini. Katika toleo la nane la Warhammer 40,000, askari waliweza kupigwa risasi kupitia madirisha ya magofu kutoka upande mmoja wa meza hadi mwingine. Mfululizo mkubwa wa mashindano wa Marekani, ITC, ulicheza kwa makubaliano yake wenyewe kwamba ghorofa ya chini ya gofu inazuia kabisa kuona, hata kama ina matundu. Toleo la mwaka 2020 lilipotoka, kitabu rasmi kilikuwa na kanuni ya mandhari inayofunika macho ya walio nyuma yake. Mashindano, ambayo watu huyataja kama ngome ya kanuni rasmi, yalikuwa nyumba nyingine tu, kubwa zaidi, yenye kanuni zake za nyumbani zilizopigwa chapa na kusambazwa mapema. Kilichowasaidia wageni ni kwamba makubaliano yalijulikana kabla ya dadu ya kwanza kurushwa. Watu wasiojuana wanaoketi kwenye karata au drafti barazani huulizana kwanza mchezo unachezwaje hapa, na hakuna anayeona kwamba kuuliza kumeuharibu mchezo.

Pingamizi zito kuliko yote ni la tatu, nalo husikika mara chache: kanuni za nyumbani humpendelea mwenye nyumba. Mwenye meza, mwenye umri mkubwa, mwenye ulimi mwepesi ndiye ambaye tafsiri yake hushinda, na mgeni hunyamaza ili aalikwe tena. Hili ni kweli, na ndilo jambo ambalo kuondoka kwa mwamuzi kulilifanya kuwa baya zaidi. Mamlaka ya mwamuzi wa Prusia yalitokana na cheo, lakini haki yake ilitokana na kutokuwa na kikosi mezani. Anayetafsiri kanuni huku askari wake akiwa shabahani ni mshtaki na hakimu kwa pamoja. Hata hivyo kitabu peke yake hakimlindi mnyonge, kwani anayekijua kitabu kwa moyo humshinda anayekijua nusu, na husema anasoma tu kilichoandikwa. Kinga iliyopo ni ya wakati. Tangaza jinsi magofu yanavyozuia kuona kabla majeshi hayajapangwa, wakati hakuna anayejua gofu litamfaa nani. Likizuka lisilotarajiwa, dadu iamue kwa leo, na kanuni ya kudumu ijadiliwe baada ya mchezo, sanamu zikiwa zimerudi masandukuni. Ule ushauri wa kurusha dadu, ambao wengi huuona kama utani wa waandishi, una hekima hiyo ndani yake: unatenganisha kumaliza ugomvi na kutunga sheria.

Kuna sababu nyingine inayofanya suala hili kuwa kali kwenye vita vya kubuni kuliko vya kihistoria. Wanaocheza vita vya Napoleon wakibishana kuhusu umbali wa gobori au kasi ya farasi, wanaweza kwenda kwenye kumbukumbu za kweli, na mwamuzi wao wa mwisho ni yaliyotokea. Hakuna nyaraka za bunduki ya plazima. Anayesema silaha ile lazima ipenye ukuta, na anayesema haipenyi, wote wanategemea hadithi waliyoisoma na picha waliyo nayo kichwani. Kwa hiyo mchezaji wa hadithi za kisayansi ana mahakama mbili tu za kukata rufaa, herufi ya kitabu na maelewano kuhusu ulimwengu ule ulivyo. Wanaoshikilia herufi pekee wanaishia na askari asiyeweza kuruka kizuizi cha goti kwa kuwa neno kuruka halikutajwa. Mwaka 2001 kampuni ya Nottingham yenyewe ilikiri hitaji hili ilipotoa Inquisitor, mchezo wa Gav Thorpe wa sanamu za milimita 54 na wahusika wachache tu, na kumrudisha mwamuzi kwenye kiti chake. Necromunda, mchezo wa magenge wa kampuni hiyo hiyo uliotolewa upya mwaka 2017, nao una msimamizi wa kampeni mwenye ruhusa ya kurekebisha mambo magenge yanapopishana sana kwa nguvu.

Mtu anaweza bado kusema kwamba haya yote ni dawa ya ubishi, na kwamba pasipo ubishi hayahitajiki. Michezo ya mtu mmoja inajibu. Five Parsecs from Home ya Ivan Sorensen, ambayo toleo lake la tatu lilitoka mwaka 2021, inamfanya mchezaji aongoze kundi la wasafiri wa anga dhidi ya maadui wanaoendeshwa na kanuni na dadu, bila mtu wa pili mezani. Hakuna wa kubishana naye, hakuna wa kumwonea wala wa kumpendelea. Hata hivyo adui aliyeagizwa na jedwali kusonga hadi kificho kilicho karibu anaweza kukuta vificho viwili vilivyo umbali sawa, kimoja kikimweka salama na kingine kikimweka wazi mbele ya bunduki tatu. Mchezaji, akiwa peke yake chumbani na hana wa kumdanganya, anaweka utepe chini na kujiuliza mtu huyu angefanya nini.